Maana Itakayokufa Ijumaa

Shamba la Desautel,
Barabara ya Mlima wa Nyuma,
Jumatatu, tarehe 10 Machi.

Kwa Bwana Hapgood, mhariri wa gazeti la kila wiki la Mwangwi wa Bonde.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, kwa heshima inayomstahili mtu ambaye gazeti lake hunifikia kila Alhamisi likiwa na makosa kumi na mawili kwa wastani, nami nikalisoma lote hadi tangazo la mwisho, kwa sababu kulisoma ni kazi yangu.

Mimi ni mhariri msaidizi katika nyumba ya kamusi iliyoko mjini, mwendo wa dakika hamsini kutoka hapa barabara isipokuwa na barafu. Kwa miezi ishirini na sita nimekabidhiwa neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni run. Wasomaji wako wanalitumia tangu waamkapo mpaka walalapo, bila kulifikiria, kama wanavyotumia mlango. Hadi jana nilikuwa nimelihesabia maana mia mbili na kumi na nne, kila moja na vikaratasi vyake vya ushahidi, katika droo tisa. Mia mbili na kumi na tatu kati ya hizo zina afya nzuri kupita kiasi. Moja itakufa Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni, kurasa zetu zitakapopelekwa kiwanda cha uchapaji, na hiyo ndiyo inayonihusu, kwa sababu ni ya bibi yangu na ya bonde hili, na sijaiona kwingine popote.

Nikisema itakufa, situmii tamathali. Kando ya maana iliyokufa sisi huchapa msalaba mdogo, na msalaba ukishachapwa hauondolewi mpaka toleo jipya, yaani baada ya miaka thelathini hivi. Bibi yangu ana miaka themanini na minne.

Kwa hiyo naandika kulalamika. Malalamiko ni matano. Maombi yatafuata.

LALAMIKO LA KWANZA ni dhidi ya neno lenyewe.

Chukua toleo lako la Alhamisi iliyopita. Ukurasa wa kwanza, Bwana Stannard ametangaza kugombea useneta wa jimbo. Chini yake, kisima cha shule kimekauka. Ukurasa wa pili, basi la wazee linafanya safari Jumanne na Ijumaa, kulungu wawili wamegongwa karibu na daraja, na mwandishi wako wa afya anamshauri mtu ambaye pua inamchuruzika anywe supu ya kuku. Ukurasa wa tatu, mchezo wa kuigiza wa kanisani utaoneshwa siku tatu, duka la mbegu sasa linaendeshwa na mkwe, na mbio za maili tatu zimeahirishwa kwa sababu ya matope. Kwenye matangazo kuna trekta kuukuu ambalo injini yake bado inanguruma, soksi ndefu zisizofumuka, na sabuni isiyofanya nguo nyekundu kutoa rangi. Kote humo, Ndugu Mhariri, kwa kugombea, kukauka, kusafiri, kugonga, kuchuruzika, kuonesha, kuendesha, kukimbia, kunguruma, kufumuka na kutoa rangi, ulitumia neno moja. Nimehesabu. Mara thelathini na saba katika kurasa kumi na mbili.

Kiingereza kina maneno mengi ajabu yaliyolala kwenye droo zetu yakingoja kuitwa kazini. Ninyi mnamwita huyu mmoja tu, kama familia yenye watoto kumi na wawili inayomtuma mmoja yuleyule kisimani, kisha ikashangaa kwamba mtoto huyo ana kiburi. Neno hili linafaa kwa kuanza na linafaa kwa kwisha. Linafaa kwa kukimbia hatari na linafaa kwa kukimbilia madaraka, na ukichunguza majina ya wanaofanya hayo mawili utakuta mara nyingi ni watu walewale. Sina hamu ya kulionea huruma. Neno lenye maana mia mbili na kumi na tatu zilizonona halina udhuru wa kuiacha moja iliyokonda ifie mlangoni.

LALAMIKO LA PILI ni dhidi ya mahali ninapofanya kazi.

Katika chumba chetu cha uhariri tuko watu kumi na wanne na hatusemi. Hatujagombana. Ni kanuni ya tangu nyumba ilipoanzishwa, kwamba maneno hupimwa kimya. Ukitaka kumjulisha jirani yako kwamba koti lake linaungua juu ya kipasha joto, unaandika kikaratasi, unakitia kwenye kisanduku chake, unarudi kuketi, unasubiri. Mhariri Mkuu, Bwana Wendell Thacher, ameiheshimu kanuni hii miaka thelathini na moja. Alipofiwa na mama yake tulimwekea vikaratasi kumi na vitatu vya rambirambi. Alivipanga kwa alfabeti.

Sheria ya nyumba ni hii: maana huhesabiwa hai ikiwa imechapishwa mara tatu, na watu watatu tofauti, na angalau mara moja ndani ya miaka ishirini iliyopita. Maneno ya mdomoni hayahesabiwi. Mhariri haruhusiwi kujiandikia ushahidi, kwa hiyo usidhani barua hii yenyewe itanisaidia. Kwa maana ya bibi yangu nina vikaratasi viwili tu. Kimoja kimetoka katika shajara ya mchungaji iliyochapwa mwaka 1911. Cha pili kimetoka katika jarida la wakulima la mwaka 1958, ambamo mtu wa kaunti nyingine alipita hapa, akalisikia neno likitumiwa hivyo, akastaajabu. Tangu hapo, hakuna kitu. Mwezi uliopita mimi na Bwana Thacher tuliandikiana. Nanakili vikaratasi vyenyewe, kwa sababu ninavyo:

Mimi: Bibi yangu hulitumia hivyo kila Machi.

Yeye: Bibi yako si chanzo.

Mimi: Yuko hai.

Yeye: Uhai si ushahidi. Tarehe, ukurasa, jina la chapisho.

Mimi: Ungependa kuja kwetu umsikie mwenyewe?

Yeye: Nikimsikia nitakuwa nimesikia. Bado hatutakuwa na kitu.

Hicho cha mwisho nimekibandika juu ya meza yangu. Nakitazama kila ninapokata tamaa, na huwa kinanisaidia kukata iliyobaki.

LALAMIKO LA TATU ni dhidi ya majirani, na ndilo refu.

Kwanza maana yenyewe, kama nilivyoiandika kwenye rasimu: kutunza moto wa jirani na kuchemsha utomvu mtamu wa miti yake mpaka uwe sharubati, nyumba ya jirani huyo ikiwa na msiba au maradhi, bila kuombwa na bila kutajwa baadaye. Maneno matatu ya mwisho yalinichukua wiki sita, na ndiyo yanayoniua.

Utomvu haungoji mazishi. Usiku ukiganda na mchana ukayeyuka, miti inatoa, ndoo zinajaa, na utomvu uliokaa siku mbili kwenye joto unachacha. Mwaka babu alipofariki, wiki hizihizi za Machi, Mzee Paquette alikaa kwenye kibanda chetu cha kuchemshia siku nne, na hatukupoteza hata ndoo moja. Bibi husema mpaka leo, "Paquette alitu-run mwaka ule." Husema hivyo jikoni, kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja chumvi. Hajawahi kusema hivyo mbele ya Paquette mwenyewe, ambaye naye amekwisha kufariki bila kuambiwa ahsante.

Wahenga waliosema tenda wema nenda zako hawakuwahi kufanya kazi ya kamusi. Mtu akitenda wema akaenda zake, anatuachia nini sisi? Kibanda chenye moshi na watu wasiojua lolote. Nilikwenda nyumba tisa kutafuta sentensi moja ambayo mwenyewe angekubali ichapishwe na jina lake. Nitakueleza moja tu, kwa sababu nane zilizobaki ni hiyohiyo.

Nilimkuta Mzee Orville Kittredge kibandani kwake, mvuke umemmeza mpaka kofia. Nilimwambia nimekuja kwa jambo la kitaaluma.

"Jambo gani, binti?"

"Nataka sentensi moja, mzee. Kwamba mwaka juzi, mke wa Stannard alipolazwa, wewe ulikwenda kwenye moto wao."

"Nilikwenda wapi?"

"Kwa Stannard. Siku tatu. Gari lako lilionekana."

"Nilikuwa napita."

"Siku tatu, mzee?"

"Kulikuwa na matope."

"Na kuni zilizojaa kwenye gari?"

"Gari tupu linateleza. Baba yako hakukufundisha kuendesha?"

Nilimkumbusha kwamba mwezi ule wote alionekana kanisani hana nyusi. Alisema ni uzee. Nilimwambia uzee haunuki moshi. Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Binti, wamekusomesha vizuri sana. Sasa wewe unataka mtu asimame mbele ya watu aseme, mimi ni mwema?"

"Nataka kitenzi kiwe hai."

"Basi shika mwiko huo. Povu linapanda. Tia siagi kidogo. Kidogo nimesema, hatupiki keki."

Nilishika mwiko saa mbili. Nilirudi nyumbani bila sentensi.

Kwa mujibu wa ushahidi wa nyumba zote tisa, Ndugu Mhariri, hili ni bonde la wapita njia. Watu wamepita kwa siku mbili, kwa siku tano, wamepita na mashoka, wamepita na blanketi na chupa za kahawa. Mmoja alipita juu ya paa la kibanda akiwa na msumari mdomoni. Sijui ni nani anayeishi hapa.

LALAMIKO LA NNE ni dhidi ya bibi yangu, Bi. Albertine Desautel, ambaye nakaa naye, nampenda, na ndiye mkaidi mkubwa kuliko wote.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimkuta akikanda unga wa donati. Nilisubiri aingize mikono yote miwili ndipo nikaanza, ili asipate pa kwenda.

"Bibi, ile maana yako Ijumaa ya wiki ijayo inawekewa msalaba."

"Nimewekea wengi misalaba, mjukuu wangu. Haikunizuia kuwataja."

"Sentensi moja tu gazetini. Jina la Paquette, mwaka, na kitenzi."

"Paquette alikukosea nini?"

"Nataka ashukuriwe."

"Mtu anakukuta umeinama chini, anakuinua, anaondoka. Wewe unampigia tarumbeta. Umefanya nini? Umewaita watu waje waone ulivyokuwa umeinama. Na yeye umemgeuza kibarua."

"Basi neno litakufa."

"Litakufa wapi?"

"Kwenye kamusi, Bibi."

"Aa. Nilidhani hapa."

Akaendelea kukanda. Swali lake hilo nimelitafutia jibu siku mbili na sijalipata, kwa hiyo nimeliingiza kwenye daftari langu kama dharau. Nakuomba usinielewe vibaya. Simlaumu kwa kuwa na adabu. Namlaumu kwa kuwa na adabu isiyoacha alama. Miaka thelathini ijayo mtu atafungua ukurasa wangu, ataona msalaba, na ataamini kwamba watu hawa waliacha kwenda kwenye moto wa jirani kabla bibi yangu hajaolewa. Hataamini kwamba walinyamaza. Hakuna alama ya uchapaji inayoonesha kunyamaza. Nimeipendekeza, nikajibiwa kwa kikaratasi kitupu, na mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ni mzaha.

LALAMIKO LA TANO ni dhidi yako.

Februari nilikupigia simu kukuomba nafasi ya mistari mitatu. Ulisema, "Nadine, hayo hatuchapishi." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Kwa sababu mimi huwa naenda dukani kununua maziwa, na huko kuna watu."

Gazeti lako limewahi kuchapisha, na tarehe ninazo, shukrani kwa mtu aliyerudisha paka. Shukrani kwa waamuzi wa shindano la pai. Shukrani za paka huyohuyo kwa Krismasi, zikiwa zimetiwa sahihi kwa alama ya ukucha. Na safu nzima kuhusu boga la Bwana Stannard, lenye picha mbili, moja ya ubavuni. Kwa hiyo aibu ya kutangaza haikukupata kwenye maboga. Ilikupata hapa tu.

Tena nitasema jambo ambalo huenda likakuudhi. Najua mwaka baba yako alipovunjika nyonga. Najua ilikuwa Machi, na najua nani alipita kwenu, na siku ngapi. Wewe ulikuwa na mitambo, wino na tani nzima ya karatasi, zaidi ya mtu yeyote katika bonde hili, na hukuandika mstari. Ungeandika mmoja tu, leo maana hii ingekuwa na kikaratasi cha tatu, mimi nisingekuwa nakuandikia kurasa saba, na wewe usingekuwa unazisoma umesimama, kama nadhani unavyofanya sasa.

Baada ya malalamiko hayo, naleta maombi, nikitumaini yatachapishwa Alhamisi hii ukurasa wa kwanza, mahali pa Bwana Stannard.

Mosi, neno hili lipumzishwe. Kwa miaka mitatu hakuna mkazi wa bonde atakayelitumia kwa maana yoyote kati ya zile mia mbili na kumi na tatu. Wagombea wagombee, visima vikauke, pua zichuruzike, kila jambo kwa kitenzi chake halali. Neno libaki na kazi moja tu, ya moto wa jirani, mpaka lijifunze unyenyekevu.

Pili, mtu yeyote anayekwenda kwenye kibanda cha jirani mwenye shida abebe fomu ya nakala tatu: moja ya aliyechemsha, moja ya aliyechemshiwa, moja ya gazeti. Fomu iwe na swali, "Je, ulikuwa unapita tu?" na nafasi ya jibu iwe imekwisha kujazwa Hapana kiwandani.

Tatu, aliyefiwa au aliyeuguliwa atoe sentensi kamili ndani ya saa arobaini na nane: kiima, kitenzi, yambwa na tarehe. Machozi yanaruhusiwa, lakini yasiguse yambwa. Ikiwa hawezi kuandika, mimi mwenyewe nitakaa kando ya kitanda na kalamu, kwa upole wote.

Nne, na hili ni la haraka. Nimepita kwa daktari, kwa padri na kwa mchonga mawe ya makaburi, na wote wamenithibitishia kwamba kwa sasa hakuna msiba wowote katika nyumba yenye kibanda. Gazeti linatoka Alhamisi. Kurasa za kamusi yetu zinafungwa Ijumaa. Kwa hiyo naliomba baraza la mji liandae jambo. Simtakii mtu kifo. Sisi wa kamusi si wakatili, ni watu wa tarehe. Maradhi ya wastani yatatosha, mradi yamlaze mwenye kibanda siku mbili, tangi likiwa limejaa na mchana una joto. Napendekeza Bwana Stannard, ambaye mabango yake yanasema yuko tayari kwa lolote kwa ajili ya bonde hili. Akikubali, nitamwandikia sentensi ya shukrani mapema ili asisumbuke akiwa amelazwa.

Sioni ugumu wowote katika maombi haya. Watu walioweza kunyamaza vizuri hivi kwa zaidi ya miaka mia moja hawawezi kushindwa kusema kitu kimoja, mara moja, kufikia Alhamisi.

Nisalimie Bi. Hapgood, mwambie pai yake ilistahili kuliko waamuzi walivyojua. Nisalimie mwandishi wako wa afya pamoja na pua zote zilizo chini ya uangalizi wake. Salamu kwa kamati ya chakula cha maharage ya kanisani, kwa mkwe wa duka la mbegu, kwa paka, kwa Bwana Stannard na boga lake. Wasalimie wapita njia wote wa bonde hili, kila mmoja huko asikokwenda.

Ni mimi, nikingoja Alhamisi,

Nadine Desautel.

Tanbihi. Ijumaa jioni, tarehe 14.

Ndugu Mhariri, barua hii ilikuwa iwe mezani kwako Jumanne asubuhi. Nilikwisha kuvaa koti, bahasha iko mfukoni, ndipo bibi akaniita dirishani. Gari la wagonjwa lilikuwa linapanda kwa akina Lemke, wale mume na mke waliohamia kutoka New Jersey miaka miwili iliyopita na kujifunza kuchemsha utomvu kutoka kwenye kijitabu. Bwana Lemke alikuwa ameanguka kando ya tangi. Ni moyo. Mkewe aliondoka naye akiwa na ndala miguuni.

"Vaa buti," bibi alisema.

"Bibi, nina barua ya kupeleka. Leo ndiyo mwisho."

"Barua haichachi."

Kuhusu Jumanne, Jumatano na Alhamisi sina la kuandika. Bwana Lemke yuko hai. Wamemzibua mshipa, anakula. Mkewe alirudi jana alasiri. Alisimama mlangoni mwa kibanda akayatazama makopo yaliyopangwa ukutani, galoni kumi na nane, akanitazama mimi.

"Ni wewe uliyefanya haya?"

"Nilikuwa napita tu," nikamwambia. Lilinitoka kabla sijalifikiria.

Sasa nisikilize, kwa sababu huyu mama hakukulia hapa na hajui. Alikutana na Mzee Kittredge dukani, akamwuliza jambo kama lile huitwaje, na mzee, sijui alikuwa amechoka kiasi gani, akamwambia. Usiku alinipigia simu. "Nimeandika kitu cha gazeti," alisema, "Jumatatu nakipeleka mwenyewe. Hebu sikia kama Kiingereza chake kiko sawa." Akasoma. Kiima, kitenzi, yambwa, tarehe, na neno langu katikati, limekaa sawasawa kama limezaliwa hapo. Kwa miezi ishirini na sita sijakutana na sentensi safi kuliko hiyo. Nilimwambia Kiingereza chake kiko sawa.

Leo asubuhi nimekuta kikaratasi kazini. Bwana Thacher anasema kiwanda cha uchapaji kimechelewa. Nina mpaka Ijumaa ijayo. Kwa hiyo ukiichapa sentensi ya Bi. Lemke Alhamisi, maana ya bibi inabaki hai kwa sheria zote, na miaka thelathini hakuna atakayeigusa.

Nakuomba usiichape.

Sababu ya kitaaluma sina. Nimeitafuta njia nzima ya dakika hamsini. Naona tu kwamba Bwana Lemke akirudi kutoka hospitali, gazeti litakuwa limekwisha kumwambia yeye ni mtu aliyeokolewa na mimi ni mtu aliyeokoa, na baada ya hapo hatutaweza tena kupungiana mikono barabarani kama watu. Bi. Lemke akija Jumatatu mwambie nafasi imejaa. Mwambie mtambo umeharibika. Mwambie lolote, lakini kwa upole, na umpe kahawa, hana kosa. Malalamiko yangu nayaondoa, isipokuwa la kwanza. Maombi nayaondoa yote, na lile la nne naomba uniambie hukulisoma. Barua hii nayo itie motoni.

Msalaba nitauweka mwenyewe Ijumaa ijayo. Wenzangu wakiniuliza kwa vikaratasi malengelenge haya ya mikononi yametoka wapi, nitawajibu kwamba nilikuwa napika.

N. D.